Kipengele cha Mbegu

Celina Kagwiria, mkulima wa njahi, yale maharagwe meusi, kutoka Kianjai, hakuwa amewahi kushika maikrofoni. Siku hiyo kamati ya bunge ilikuja Meru kusikiliza maoni kuhusu mkataba wa biashara ambao serikali ilikuwa ikijadiliana na nchi za ng'ambo. Kipengele kimoja kilikataza wakulima kupeana mbegu walizojihifadhia.

"Mheshimiwa," alisema, "nilipoolewa, mama mkwe alinipa mbegu za njahi. Nami nimewagawia majirani miaka yote hii. Sasa nitaitwa mwizi?"

Mwenyekiti wa kamati, mbunge kijana, alimgeukia afisa wa wizara ya biashara.

"Mlipokuwa mkijadiliana, mlimuuliza mkulima hata mmoja?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi rudini mezani. Bunge halitaidhinisha mkataba wenye kipengele hicho."

Miezi minne baadaye mwenyekiti alimpigia Celina simu yeye mwenyewe. Kipengele kilikuwa kimeondolewa.

"Asante, mwanangu, kwa kunisikiliza," Celina alisema. "Mungu akuzidishie."

Akakimbia hadi kwa jirani yake Gladys, aliyekuwa akipalilia. Wakashikana mikono yenye udongo, wakamshukuru Mungu wakiwa wamesimama katikati ya njahi.