Vyombo Vinataka Oshwa

Baba yangu alifelishwa mtihani wa kuongea akiwa na miaka themanini na tatu. Aliyemfelisha ni Kirsten, binti mpole aliyetoka Arizona, mbali na kwetu, kazi yake kuwarudishia watu maneno baada ya kiharusi. Jumanne moja alinikalisha kwenye kiti cha plastiki hospitalini, akanionyesha karatasi iliyojaa alama za wino wa kijani, akasema kwa huruma, "Vineno vidogo vimempotea, Denise. Pole sana."

Alikuwa amemwonyesha picha. Sinki limejaa vyombo, Baba akasema, "Vyombo vinataka oshwa." Mtoto analia kitandani: "Anataka bebwa." Mbwa amesimama mlangoni: "Huyo anataka tolewa nje, tena upesi, la sivyo na zulia litataka oshwa." Kirsten hakucheka. Alikuwa anahesabu. Mara kumi na saba ile "ku" haikuwepo, na yeye alikuwa amefundishwa kwamba kiharusi huanza kwa kula vineno vya namna hiyo.

"Asiyeweza kukamilisha sentensi hatuwezi kumrudisha kwenye nyumba anayoishi peke yake," alisema. "Akipiga simu ya dharura wasimwelewe, itakuwaje? Ijumaa tuna kikao. Nadhani tutapendekeza makao ya wazee."

Na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Nasahihisha vitabu vya shule kabla havijachapishwa, huko Boston, huu mwaka wa thelathini na moja, na nilipoitazama ile karatasi niliona makosa kumi na saba kama alivyoyaona yeye. Baba alikuwa amekaa kitandani, anatazama dirishani. Nilipomuuliza anajisikiaje alisema, "Sijambo," basi.

Nikaenda nyumbani kwake kumchukulia nguo. Mtaa wetu umening'inia kwenye mlima juu ya Mto Monongahela, na toka barazani unaona pale kiwanda cha chuma alichofanyia kazi Baba kilipokuwa, ambapo sasa pana nyasi na duka la matairi. Mbele ya nyumba, barabarani, kilikuwepo kiti cha jikoni chenye mguu uliofungwa waya. Baba alikiweka kushika nafasi ya gari lake asubuhi ile alipoanguka. Wiki tano zilikuwa zimepita, theluji imenyesha na kuyeyuka, na hakuna aliyekigusa. Kwetu unaweza kumnunia jirani miaka ishirini, lakini kiti chake hukisogezi. Na mimi nikaenda kuegesha mtaa wa pili, nikapanda ngazi kwa miguu nikihema.

Sijatia ufunguo mlangoni, Bi Bernadine wa nyumba ya pili akatokea na bakuli la pierogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani. Umbea wake haujawahi kuchukua likizo.

"Nimekuona tangu kwenye kona," alisema. "Umekonda. Baba yako Regis hajambo? Wanampa chakula, au wanampa ule uji wao?"

"Hajambo, Bi Bernadine. Shida ni kuongea."

"Kuongea kumefanya nini? Jana kanipigia simu nusu saa nzima! Mara maua yanataka mwagiliwa, mara mfereji wa paani unataka zibuliwa, mara paka wangu anataka fungwa kengele. Nikamwambia, we mzee, mdomo wako ndio unaotaka fungwa. Haya, shika. Zinataka pashwa moto tu, usizichemshe tena ukaziharibu."

Nilibaki na bakuli mkononi. Bi Bernadine hakuwa na kiharusi. Mwanamke yule hata mafua humpitia mbali.

Na nusu saa! Mimi Baba hajawahi kunipa nusu saa kwenye simu. Hunipa dakika moja: huko mvua inanyesha, haya, kwaheri. Mama alipokuwa hai ilikuwa hata dakika haifiki. "Ngoja nikupe mama yako," na simu imeshahama. Rafiki zangu wa Boston niliwaambia baba yangu ni mtu wa maneno machache, nikidhani ni sifa ya watu wa chuma.

Pale mlangoni ndipo nilipokumbuka meza ya Sikukuu ya Shukrani, mwaka wangu wa kwanza chuoni. Nilikuja na mwenzangu wa bwenini, msichana wa watu wenye uwezo. Baba alikuwa ametoka zamu, nywele bado zimelowa maji ya kuoga, na kwa ukarimu wake akamwambia mgeni, "Gari lako lina chumvi ya barabarani, mwanangu. Linataka oshwa. Nitakuoshea." Nami nikasema, mbele ya watu wote, "Kuoshwa, Baba. Linataka *ku*oshwa." Mama aliweka kijiko chini. Baba akasema, "Sawa." Kisha akatoka nje na ndoo, kwenye baridi ile, akaliosha gari la mgeni mpaka likang'aa.

Miaka thelathini na tisa. Hakuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa anaogopa kusahihishwa na bintiye.

Nililia pale pale ngazini. Bi Bernadine aliniangalia kidogo, akatoa leso kwenye aproni, akasema, "Pua yako inataka panguswa." Nikacheka na kamasi zangu.

Nikashuka chini ya nyumba, kwenye karakana ya Baba. Baba hatupi kitu. Kila kilichoharibika hukibandika kipande cha selotepu ya karatasi, akaandika kwa kalamu ya risasi, kwa herufi kubwa, kinataka nini na tangu lini. Msumeno: UNATAKA NOLEWA, 1974. Baiskeli yangu ya zambarau: MNYORORO UNATAKA TIWA MAFUTA. Redio, feni, taa ya Krismasi. Nilizunguka humo nikizisoma moja moja, na kila niliposoma nilimsikia akiongea, sauti yake ile ya kabla ya ile meza. Mwishowe nikachukua pasi ya Mama. Ilikuwa na maandishi haya: WAYA UNATAKA BADILISHWA, MEI 1981. Haujabadilishwa hadi leo, lakini hilo ni lingine.

Ijumaa niliingia kwenye kikao nimeshika pasi. Mlinzi wa mlangoni aliniuliza ya nini, nikamwambia ni ushahidi. Niliiweka mbele ya Kirsten.

"Soma tarehe," nikasema.

Alisoma. Akasoma tena. Masikio yakamwiva. "Kwa hiyo ile 'ku' haikumpotea?"

"Hajawahi kuwa nayo. Mama yangu hakuwa nayo. Jirani yake hana, padri aliyenibatiza hakuwa nayo. Mimi ninayo kwa sababu nilikwenda kuinunua ghali."

"Mbona hukuniambia Jumanne?"

Swali hilo sikulijibu vizuri. Nilisema nilikuwa nimechoka, ambao ni uongo.

Kirsten ni muungwana. Alichukua picha zake akasema ampime upya, mara hii bila kuhesabu vineno, na mimi nikae chumbani. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Alimwonyesha Baba sinki, Baba akanitupia jicho, akanyamaza. Akamwonyesha mtoto, kimya. Kalamu ya kijani ikaanza kusogea. Niliona makao ya wazee yanamjongelea baba yangu kwa ajili ya macho yangu tu.

Nikavuta kiti karibu. Nikaikamata ile picha ya sinki. Mdomo wangu ulikuwa mzito, maana jambo ulilojifunza kwa kujikana halitoki kirahisi.

"Baba," nikasema. "Hebu tazama. Hivi vyombo vinataka oshwa."

Aligeuka polepole akaniangalia. Muda mrefu, kama anayetafuta mtego. Kisha upande mmoja wa mdomo, ule mzima, ukacheka.

"Na vinataka kaushwa pia," akasema. "Wewe tangu zamani unaviacha vinachuruzika. Na huyo mtoto bado anataka bebwa, na huyu dada mwenye kalamu anataka pewa kahawa, tangu asubuhi hajakaa chini. Mpaka lini mtaendelea kunionyesha huyu mbwa? Mtoeni nje!"

Kirsten aliweka kalamu mezani. Katika kipimo hicho Baba alichanganya majina ya miezi miwili, na neno la "mkasi" lilimkwepa kabisa. Mengine yote alipita. Walimruhusu Jumamosi, kwa sharti Bi Bernadine awe anamchungulia kila siku, kana kwamba mtu angeweza kumzuia.

Nilimfikisha nyumbani mchana. Barabarani alisimama na mkongojo wake, akakitazama kiti chake, akautazama mtaa mzima juu na chini, nyumba kwa nyumba. Alifuta macho kwa mkono wa koti.

"Kiti kinataka ondolewa," nikamwambia.

"Basi kiondoe. Mikono yako inafanya nini?"

Nilikaa siku nane. Aliongea siku zote nane, na nilikuwa nikienda kulala masikio yananivuma. Asubuhi ya kuondoka nilimkumbatia barazani, nikaingia garini, na kabla sijawasha nikaona kipande cha selotepu kwenye usukani. Kalamu ya risasi, herufi kubwa, mkono umetetemeka kidogo: BABA ANATAKA PIGIWA SIMU.

Nimetembea na kalamu nyekundu miaka thelathini na moja; safari hii sikuitoa. Nikatoa simu, nikapiga pale pale. Alikuwa ameshaingia ndani, nikamwona kupitia dirisha la nyumba akihangaika kuitafuta yake mfukoni.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Bado niko hapa nje, Baba."

"Sasa unakaa nje unafanya nini? Rudi ndani," alisema. "Umekonda. Unataka lishwa."