Kisu Hakikuingia Nyumba Hii

Usijifanye humjui mtoto wa Nelius. Jumapili alipopitishwa karibu na benchi lako, shingo ikilegea kama ya kifaranga, ulifungua kitabu cha nyimbo kabla wimbo haujatajwa. Nilikuona.

Nianze na thieta. Hapa Githongo tuliandamana tukidai chumba cha upasuaji, kwa sababu akina mama walikuwa wakifia njiani kwenda Meru mjini. Nilibeba bango mpaka ngozi ya mkono ikatoka. Tukapewa. Daktari akaja, stima ikaja, jenereta ikaja.

Nelius alipofikwa na uchungu, kila kitu kilikuwepo. Mchana kweupe. Nesi Kathambi akapima moyo wa mtoto, akapima tena, akatoka nje kwa mume wa Nelius, Gedion, aliyesimama na mama yake, Igoki, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Igoki alikuwa amekuja na wenzake na thamosi ya uji.

"Mtoto anachoka," Kathambi akasema. "Tumpeleke thieta sasa hivi."

"Wewe binti, umezaa wangapi?" Igoki akauliza.

"Bado, shosho. Lakini nimezalisha wengi."

"Basi ngoja uzae. Kwangu wanawake wanazaa kama wale wa Kiebrania, kabla mkunga hajafika. Kisu hakijawahi kuingia nyumba hii. Anayepasuliwa ni kama amenunua mtoto dukani."

Wale mama wakacheka, Igoki akasema waombe kwanza. Uliwasikia, ulikuwa pale getini.

"Shosho, omba ukitembea basi, sisi twende." Kathambi akarudi ndani. "Nelius, mwili ni wako. Sema ndiyo."

Nelius akamtazama Gedion mlangoni. Gedion akamtazama mama yake. Na Nelius, ambaye hakutaka kuwa mke wa kwanza wa boma lile kupasuliwa, akasema, "Ngojeni kidogo."

Wale mama wakaimba wimbo mzima. Wakaanza mwingine. Kathambi alikuwa ameinama na kifaa chake tumboni, akawa anapaza sauti juu ya wimbo: "Nelius! Nelius, nisikilize!" Nelius aliposema ndiyo, walimkimbiza thieta. Mtoto akatoka wa buluu, kimya, akapulizwa pumzi kwa nguvu. Akaishi. Ubongo wake ulikuwa umekosa hewa. Wakamwita Mugendi, yaani msafiri, na mpaka leo hajaweza kuketi bila kushikwa.

Miaka hiyo yote nilikuwa nikiitukana serikali. Siku hiyo serikali ilikuwepo. Sisi ndio tuliokosekana.

Halafu ikaja ibada ya shukrani. Igoki akasimama na kitambaa cheupe kichwani: "Kisu hakikuingia nyumba yangu!" Tukapiga makofi, sote. Nelius naye akapiga, na nyuzi za mshono bado zikimvuta chini ya gauni. Sijaona makofi ya aibu kuliko yale.

Jumapili iliyopita Igoki alimwita mbele Kaari, mke wa kitinda mimba wake Njue, tumbo likiwa limeshuka tayari. "Nelius, njoo umwombee mwenzako azae vile ulivyozaa."

Nelius akaja na Mugendi begani. Hakufumba macho.

"Mama, mimi nilipasuliwa. Na nilichelewa."

"Nyamaza, usinivue nguo mbele ya watu!"

"Mama, mimi nimekaa uchi miaka mitatu." Akamwekea Kaari mtoto mikononi. "Mshike kichwa. Hapana, si hivyo. Usipokishika kinaanguka."

Kaari akashika kichwa. Akamgeukia Njue. Njue akamtazama mama yake.

Kanisa zima tukatazama viatu vyetu. Mchungaji akatangaza sadaka.

Leo asubuhi Kaari ameanza uchungu. Yuko wodi ileile, na nimewaona akina mama wakipanda pikipiki na vitambaa vyao kichwani. Njue anakusikiza wewe kuliko anavyonisikiza mimi, mimi wananiita mgomvi. Namba yake unayo. Na kama humjui Njue, unaye kaka yako, unaye mwanao, mke wake ana tumbo na mama yake ana maneno. Usinijibu kwamba utaomba. Kunja karatasi hii, mpigie sasa, umwambie: nesi akisema twende, waende.