Kuku wa Kupeleka Maneno

Nanjala, jirani yake Pascalia, alikuwa amesimama juu ya kichuguu, mkono mmoja ameshika simu na mwingine ameshika tawi, kwa sababu katika kijiji chetu chote mtandao unapatikana hapo tu na nyuma ya choo cha mchungaji.

"Pascalia wee!" akapaza sauti. "Nekesa ameshikwa na uchungu! Yuko zahanati, na anasema mtoto hatoki mpaka wewe ufike!"

Pascalia akatupa jembe. Akacheka, akalia, akakimbilia viatu vya mvua, akavaa vyote viwili vya kushoto. Mjukuu wa kwanza, jameni! Lakini hofu nayo ilikuwapo. Yeye mwenyewe alimzaa Nekesa peke yake, mvua kama hii, mto umefurika na mama yake amekwama ng'ambo akipiga kelele asiweze kuvuka. Siku ile Pascalia aliapa kwamba mtoto wake hatazaa bila mama. Na sasa zahanati iko upande wa pili wa msitu, mvua imenyesha wiki nzima, na barabara imegeuka uji.

"Pikipiki iko njiani kukuchukua," Nanjala akasema, akishuka huku amejishika mbavu kwa kicheko. "Ila sijui kama utaipanda."

"Kwa nini nisiipande? Leo hata ng'ombe dume napanda!"

"Mwenye pikipiki ni Philemon. Wale wengine wote wameogopa matope."

Haya sasa. Philemon Shitanda ndiye mume wa Nekesa, na kwetu mama mkwe na mkwe wake ni watu wa kukimbiana. Hawapeani mikono, hawakai benchi moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi. Tangu arusi, Pascalia alikuwa ameingia kwenye mahindi ya majirani mara nyingi hata wenyewe wakaanza kunung'unika. Na pikipiki, kwa asiyejua, ina kiti kimoja tu, na abiria humshika dereva kiunoni. Kiunoni! Mkwe! Pascalia alihisi masikio yakimwaka moto.

Philemon akafika ametapakaa matope mpaka kwenye nyusi. Akasimama mbali, akaugeukia mgomba.

"Mama Nanjala," akasema akiutazama mgomba, "mwambie mama tuharakishe. Nekesa analia sana."

Nanjala akajitolea kukaa katikati awe ukuta. Sasa, Nanjala ni mtu wa mwili, Mungu amempa bila kupima. Pikipiki ikanguruma, ikatema moshi, ikadidimia pale pale mpaka tairi la nyuma likapotea. Nanjala akajiviringisha chini akicheka mpaka leso ikamtoka.

"Mimi sibebeki! Sikia, Pascalia. Keti umpe mgongo. Ungo huu uwe katikati yenu. Na mkitaka kuongea, mwambieni huyu." Akamrushia mapajani kuku tembe mwekundu, aliyekuwa wa kumpikia mzazi supu.

Basi wakaondoka hivyo, mmoja anatazama mbele, mwingine anatazama alikotoka. Pascalia mashimo aliyaona baada ya kuyapiga. Miti mikubwa ya msitu ilikuwa ikimtoroka upande wa nyuma, na kila akirushwa juu alipiga kelele, na kuku naye akapiga kelele.

"Kuku!" akasema, "mwambie mwenye pikipiki apunguze mwendo, nataka kumwona mjukuu wangu nikiwa na meno!"

"Kuku," Philemon akajibu bila kugeuka, "mwambie mama nikipunguza tutazama."

"Basi mwambie aongeze, anangoja nini?"

Pikipiki ikaruka. Pascalia akajikuta anacheka peke yake. Hajawahi kwenda kasi namna hii maishani, tena kinyumenyume.

"Kuku, hebu muulize kama binti yangu hula vizuri kwake."

"Kuku, mwambie mama anakula chakula chake, halafu anakula changu."

"Huyo ni wangu kabisa!" Pascalia akapiga ungo kwa furaha, kisha akakumbuka. "Kuku, mwambie nimesema hivyo."

Wakaenda. Tangu arusi wawili hawa hawakuwa wameambiana neno, na leo maneno yalimiminika, kuku wa watu akigeuza shingo huku na huku. Pascalia akaambiwa kuhusu paa jipya, na jinsi Nekesa anavyokoroma.

"Kuku," Philemon akasema kwa sauti ya chini, "mwambie mama naogopa."

Pascalia alitaka sana kumgusa bega yule kijana. Akamkumbatia kuku badala yake.

"Kuku, mwambie tuko wawili."

Hapo hapo pikipiki ikateleza. Ungo ukaenda kulia, Pascalia akaketi kwenye dimbwi, na kuku akapaa. Weh! Wakamfukuza wakizunguka mti mnene, Pascalia huku, Philemon kule, kila mmoja akihakikisha mti uko katikati. Mbega wakakusanyika juu kutazama, mikia mirefu myeupe ikining'inia. Kuku akawaangalia wote, akaingia kichakani, na huo ukawa mwisho wake kwetu.

Hakuna aliyesema kitu. Sasa wangesema kupitia nani? Pascalia akapanda tena, akatia mgongo kwenye ungo, akatazama juu.

"Ee Mungu," akasema, "mwambie awashe."

"Amina," Philemon akaitikia, akawasha.

Walipofika mtoni, daraja ambalo Philemon alilivuka akija lilikuwa sasa limebaki gogo moja, na maji ya kahawia yanapita yakifoka. Zahanati ilionekana pale juu ng'ambo, paa lake la bati likimeta. Ni mto ule ule uliomzuia mama yake Pascalia. Philemon akaegesha pikipiki, akaliangalia gogo, akafungua mdomo, akaufunga. Pascalia akaelewa: mkono hawezi kumpa. Akafungua leso kiunoni, akarusha ncha moja kwake, mwenyewe akashika nyingine, wakaanza kuvuka, mkwe mbele.

Katikati ya gogo Philemon akateleza. Mguu mmoja majini, wa pili hewani, na leso ikamponyoka mkononi. Pascalia hakufikiri. Akamdaka ukosi wa koti, akavuta kwa nguvu zote za mtu aliyelima miaka yote hiyo, akamsimamisha juu ya gogo.

"Koti si mtu!" akautangazia mto kwa sauti. "Nimeshika koti!"

Wakapanda kilima mbio, yeye na viatu vyake vya kushoto. Nesi Jepkorir, mgeni asiyejua mambo yetu, akamkuta mlangoni akamvuta ndani. "Ndiye wewe? Ingia, mama, huyu amekataa kusukuma!" Nekesa akaushika mkono wa mama yake akaubana hata vidole vikalia, akamtukana Philemon kidogo, akasukuma. Mtoto akatoka analia, msichana, mvua ikigonga mabati. Jina lilikuwa limeshajiita: Nafula, mtoto wa mvua.

Nesi akamfunga mtoto, akampa Pascalia ampakate, akafungua mlango akamsukuma Philemon ndani. "Baba, njoo uone!"

Lo! Chumba kidogo, mlango umefungwa, na mahindi ya kuingilia hakuna. Pascalia akageukia ukuta. Philemon akageukia dirisha. Nekesa kitandani alianza kucheka mpaka akaomba wasimchekeshe, anaumia.

Pascalia akamtazama mtoto. Mtoto akafumbua jicho moja.

"Nafula," akasema, "mwambie baba yako nilipomzaa mama yako hakuna mtu aliyenifikia. Mwambie leo mimi nimefika, na yeye ndiye amenifikisha. Mwambie asante."

Philemon alikuwa akijifuta uso kwa mkono wa koti, ule ule wenye matope, na kuuchafua zaidi.

"Nafula," akajibu hatimaye, "mwambie nyanya yako nimesikia."

Nafula akapiga miayo, akalala, kazi ikiwa imeanza.