Wabindawali wa Gereji

Siku watu wa mtaa wa Mutanga Nord walipoleta posa ya mjukuu wangu Hayat, mambo yaliharibika chai ikiwa bado ya moto. Mwanangu Uthmani, babake Hayat, alimuuliza kijana swali moja tu: "Twahiru, ninyi ukoo gani?"

Kijana akajibu kwa raha, kama mwanafunzi anayejua jibu. "Sisi ni Wabindawali, mzee."

Uthmani akaweka kikombe chini. Sisi pia ni Wabindawali.

Nieleze kidogo. Baba mkwe wangu, Mzee Karamu, alikuwa Mjati kutoka Punjabi, Uhindini. Wajati ni wakulima wa huko, wana koo nyingi kama punje za tasbihi, na mtu haoi ndani ya ukoo wake. Hata kama mmeonana leo, huyo ni dada yako. Imamu alisema dini haikatazi. Uthmani akamjibu, "Dini haikatazi, imamu. Babu alikataza." Posa ikarudi ilikotoka.

Hayat akawa anagusa chakula tu, hali. "Bibi, si angesema uongo?"

"We mutoto, mume anayeanza na uongo atamaliza na nini?"

Lakini nikichambua maharagwe nikaanza kujiuliza. Mzee Karamu alituhadithia kwamba Wabindawali wengine walibaki Punjabi, wengine wakafuata maji mpaka Sindi, na yeye peke yake akavuka bahari, akafika Kigoma, kisha mji wetu huu, akafungua gereji mtaa wa Jabe. Hakuwa na ndugu. Alizaa mtoto mmoja, marehemu mume wangu Hamimu. Sasa hawa wa Mutanga Nord wameota wapi?

Nikajifunga kitenge, nikapanda teksi mpaka kwa Bibi Mwantum, nyanya yake Twahiru. Alinitazama toka mlangoni.

"Umekuja kuomba musamaha ao kuomba chai?"

"Chai kwanza. Musamaha tutaona kwa sukari."

Akacheka, akanikaribisha. Nikamuuliza ukoo wao ulitoka wapi.

"Uvira. Na mbele ya Uvira, hapa hapa mjini, Jabe."

"Na kabla ya Jabe?"

"Mbele ya Jabe apana kitu. Baba mukwe wangu Murhula alikuwa Mushi, kabila ya kule Bukavu. Alijifunza ufundi kwa Muhindi mumoja wa Jabe, akatoka na jina lake. Diplome haikuwako siku zile. Ukisema we ni Bindawali, mutu anakuachia motokari bila kuuliza."

"Na Twahiru anajua?"

"Ile jina yeye amezaliwa ameikuta. Nani alimuuliza ilitoka wapi?"

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Nikamwambia avae viatu twende.

Tulimkuta Uthmani dukani kwake Jabe, anauza vipuri, wateja wamejaa.

"Kitendawili," nikasema.

"Mama, niko na kazi."

"Kitendawili."

"Tega basi."

"Nyumba haina mama wala baba, lakini watoto wake wote wana jina moja."

Mteja mmoja akasema ni nyumba ya yatima. Nikasema apana. Uthmani akakuna kichwa, akashindwa.

"Nipe mji," nikamwambia.

"Chukua Kiriri, na mavila yake yote ya matajiri."

"Nimefika Kiriri, nimekaa kwenye kiti laini, nimekula nyama. Jibu ni gereji ya babu yako."

Mwantum akamweleza yote: Murhula, Jabe, Uvira, na wanafunzi wengine walioondoka na jina hilo, mmoja Rumonge, wawili Kalemie, mmoja hata Goma. Uthmani alisikiliza huku ameshika plagi mkononi.

"Kwa hiyo hatuna damu moja?"

"Damu apana," Mwantum akasema. "Mafuta ya gari ndiyo moja."

Uthmani akajikaza awe mkali. "Basi mturudishie jina letu."

"Tutarudisha, baba. Hayat akizaa, tunakuletea mutoto nalo."

Wateja wakaangua kicheko, na yeye akashindwa kujizuia. Akafunga duka asubuhi hiyo hiyo, jambo ambalo hafanyi hata akiwa na homa, akatutangulia nyumbani ili amwambie mwanawe kwa kinywa chake. Mimi na Mwantum tulifuata polepole, tukibishana pilau ya harusi itapikwa na nani.