Nyumba ya Sehemu Tatu

Wakili aliusoma wosia wa mama kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi: nyumba igawanywe sehemu tatu sawa, kila mwanangu achukue yake. Mbele yake tulikuwa wanne, tumebanana kwenye viti vya plastiki. Mimi kifungua mimba. Mdogo wangu, tuliyempachika jina la Bepari tangu utotoni alipokuwa akiwakodishia watoto wa jirani baiskeli yake. Na mapacha wetu wa mwisho, wasichana.

“Nilimuuliza mara mbili,” wakili akasema, akifuta miwani. “Nikamwambia, mama, wewe una watoto wanne. Akanijibu, nimewazaa mwenyewe, hesabu yao naijua. Andika tatu.”

Mtu mwingine angesema bibi wa watu alichanganyikiwa. Sisi hatukuweza kujidanganya hivyo. Mama alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kwa miaka thelathini, na chakula chake hakikuwahi kubaki wala kupungua. Hakumuuliza mtu idadi. Aliitazama sufuria, akaongeza kikombe au akapunguza, na mchana kikatosha sawasawa. Siku moja alipanga sahani kumi na nane kwenye meza ya walimu kumi na tisa. Wasaidizi wake wakamcheka. Mwalimu wa historia hakushuka kula, na walipovunja mlango wake walimkuta kitandani, ameshapoa.

Nyumbani pia. Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipomwona akirudisha sahani ya baba kabatini. Nikamuuliza kwa nini. “Sijui, mwanangu,” akasema. “Mkono umerudisha wenyewe.” Baba alikuwa kazini, mzima wa afya. Simu ilikuja saa saba. Tangu siku hiyo niliiogopa mikono ya mama kuliko kitu chochote, na nilimpenda vilevile.

“Labda sisi alituhesabu mmoja,” pacha mmoja akasema tulipokuwa tukishuka ngazi za wakili.

“Mama hakuwahi kutununulia hata kitana cha kushirikiana,” mwenzake akamjibu.

Bepari akasema ana kazi, akaenda zake. Mimi na yeye tulikuwa na miaka miwili ya salamu za kinafiki, tangu alipokataa kuacha shughuli zake aje tumuuguze mama kwa zamu. Nilimuuguza peke yangu, na kinyongo nilikuwa nacho, sifichi.

Wiki zilizofuata tuliishi kwa kupigiana simu. “Umeamkaje?” likawa swali la kutetemesha. Pacha mmoja aliacha kabisa kuvuka barabara kubwa. Mwenzake alipima damu, mkojo na moyo, akaambiwa ni mzima, akarudi kupima tena. Habari ya kugawana nyumba hakuna aliyeigusa. Mimi nilifanya jambo ambalo naona aibu kuliandika. Nilichagua. Kila nilipowaza ni nani kati yetu, jibu lilikuja haraka: basi awe Bepari. Sikumlaani, sikumwombea mabaya. Nilimpa tu nafasi ile moyoni mwangu, nikalala usingizi mzuri.

Usingizi ule ndio ulionitisha. Mwezi wa pili nikarudi kwa wakili nimeamua kujitoa kwenye urithi. Sehemu tatu, warithi watatu, na hakuna wa kuzikwa. Mama abaki na hesabu yake, mimi nibaki na wadogo zangu.

Wakili akafungua faili, akanitazama kwa juu ya miwani.

“Umechelewa, dada. Mdogo wako wa kiume alijitoa siku ileile ya wosia. Mlipoagana alizunguka jengo, akarudi.”

“Alisema sababu?”

“Alisema dada yake amembeba mama peke yake, na mapacha bado hawajaanza maisha. Kama kuna wa kutolewa, atolewe yeye. Aliniomba nisiwaambie, lakini sasa umekuja mwenyewe kwa ajili ya faili hilihili.”

Nilijichukia pale kitini. Mahali nilipokuwa nikimsukuma kimoyomoyo, alikuwa ameshakwenda kusimama kwa miguu yake, kwa ajili yangu.

“Nipe fomu,” nikasema.

“Mmoja alitosha, dada. Ukijitoa na wewe...”

“Nipe tu.”

Nilisaini kwa nguvu hadi kalamu ikachana karatasi. Nilichotaka ni kimoja: asisimame kule peke yake. Nikatoka kwenye korido, nikampigia. Alipokea kwenye mlio wa kwanza, kama sisi sote siku zile.

“Nimejua ulichofanya,” nikamwambia. “Na mimi nimesaini. Hutolewi peke yako.”

Nikasikia akifunga mlango upande wake.

“Dada,” akasema taratibu, “umefanya nini? Mimi nilishaifunga ile hesabu. Sehemu tatu, watu watatu. Wewe umeifungua tena: warithi wamebaki wawili, na ile tatu ya mama imerudi kwetu sote wanne.”

Nikageuka nirudi ndani nikaifute saini yangu. Mlangoni nikasikia wakili akigonga muhuri kwenye fomu yangu.

“Usikate simu,” nikamwambia mdogo wangu.

“Sikati.”

Tukabaki hivyo, yeye kazini kwake, mimi kwenye korido, kila mmoja akimsikiliza mwenzake anavyopumua.