Alama ya Tindo

Pikapu ya mjomba huanza kutetemeka ikifika kilomita sitini kwa saa. Sabini inatetemeka zaidi, themanini huwezi hata kusoma dashibodi, na ukithubutu kufika tisini na tano inatulia ghafla kama mtoto aliyechoka kulia. Mjomba hathubutu. Anabeba mayai.

"Trei nne," aliniambia asubuhi moja mbele ya gereji yangu, akiwa bado hajashuka garini. "Trei nne zimevunjika, mpwa, na barabara ni lami tupu."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mayai manne ningevumilia. Trei nne!"

Gari lina miaka ishirini na sita na milango miwili ya rangi tofauti. Kwa miezi minane nimelitengeneza mara tatu. Nimebadilisha maunti, zile raba zinazoshika injini, nimebadilisha krosi zote mbili, nimebalansi magurudumu yote manne. Nimebadilisha kila kitu isipokuwa maoni yangu, na maoni yangu yalikuwa haya: mdogo wangu aliiangusha propela.

Propela ni lile bomba refu la chuma linalochukua nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka magurudumu ya nyuma. Likipinda kidogo tu, gari zima linatikisika. Miezi minane iliyopita, mimi na mdogo wangu tulikuwa tukifanya kazi gereji moja, hii hii, na klachi ya pikapu ilikuwa imekwisha. Mimi niliishusha propela. Yeye alifunga klachi mpya, kisha akairudisha propela mahali pake. Kesho yake mjomba akarudi gari likitetemeka.

Nilimuuliza mdogo wangu mbele ya wateja wanne na mpiga rangi wa gereji yetu: umeiangusha? Akasema hapana. Nikamwita mwongo. Nikaongeza na mengine, likiwemo moja kuhusu nani aliyemlea yeye baada ya mama yetu kufariki. Alinawa mikono hadi viwikoni, akavua ovaroli, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya benchi. Sasa anaziba pancha kwenye banda moja upande wa pili wa mji. Fundi wa giaboksi, anaziba pancha! Sikuwahi kumpigia simu. Mwenye kosa ndiye anayetangulia kupiga, ndivyo nilivyokuwa nikimwambia kila aliyeniuliza.

"Sikiliza," mjomba alisema, sasa ameshuka na kuegemea mlango wa rangi ya bluu. "Likitoka hapa linatetemeka, nalipeleka moja kwa moja kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tutakuwa tumepoteza gari na mdogo wako, mtoto wa dada yangu, kwa mkupuo mmoja. Gari nitalisahau."

Nilimwambia akae kwenye kiti, asiniharakishe. Nilichukua chupa ya maji nusu, nikaiweka juu ya dashibodi na kuingia barabarani. Chupa haina upendeleo. Sitini, maji yakaanza kucheza. Sabini, yakaruka. Nikakanyaga klachi, nikatoa gia, nikaiacha injini ijinong'oneze huku gari likiserereka lenyewe. Maji yaliendelea kuruka vilevile. Basi si injini, wala si klachi. Shida iko nyuma ya giaboksi. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, na ndilo lililonipa jeuri.

Nilirudi, nikapandisha gari kwa jeki, nikalilaza juu ya stendi na kuifungua propela. Safari hii niliibeba begani hadi kwa jirani yangu, mchonga vyuma, mtu wa maneno machache na mashine kubwa. Aliifunga kwenye mashine yake, akaizungusha taratibu, akaisogezea saa ya kupimia kama imepinda.

"Imenyooka," alisema.

"Pima tena."

Akapima tena. "Imenyooka. Kitu kikianguka kinabaki na kovu. Hiki hakijaanguka tangu kiwandani."

Ningeweza kumpelekea miezi minane iliyopita. Ni hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Sikumpelekea kwa sababu nilikuwa na jibu tayari, na mtu mwenye jibu hatafuti kipimo.

Niliirudisha benchini, nikaifuta grisi kwa kitambaa na petroli, nikaitazama kama kitu ambacho sijawahi kukiona. Propela hii ni vipande viwili vinavyoingiliana kwa meno, ili iweze kurefuka na kufupika gari likipita kwenye matuta. Kila mwisho una masikio mawili yanayoshika krosi, kile kiungo cha umbo la msalaba. Masikio ya mbele na ya nyuma lazima yalale upande mmoja. Yakipishana kidogo, mwisho mmoja unasukuma wakati mwingine unavuta, na gari linatetemeka. Ndiyo maana fundi huchonga mstari kwa tindo, unaopita juu ya vipande vyote viwili, kabla hajavitenganisha. Kwenye ukuta wa gereji yangu imeandikwa kwa rangi nyekundu, kwa mkono wangu: WEKA ALAMA KABLA YA KUFUNGUA.

Mstari wangu ulikuwepo. Nusu yake huku, nusu yake kule, zimekutana sawasawa, hata unywele haupiti.

Masikio yalikuwa yamepishana.

Nilivuta kiti nikakaa. Alama ilikuwa sahihi na propela ilikuwa kombo, na alama ilikuwa yangu. Ndipo nilipokumbuka. Siku ile ya klachi nilikuwa chini ya gari nikibishana na mpiga rangi kuhusu mpira wa miguu. Propela iliteleza ikaachana mikononi mwangu kabla sijashika tindo. Nikavifuta vipande, nikavichomeka tena kwa kukadiria, jicho moja kwa propela na jingine kwa mpiga rangi, kisha nikachonga alama. Baada ya kufungua. Nilijiona mjanja.

Na nilikumbuka jambo la pili. Mdogo wangu alipokuwa chini akiirudisha, aliniita. "Kaka, hii alama yako naona..." Sikumngoja amalize. Sikuinama hata kutazama. "Fuata alama!" nilimwambia. Akaifuata. Mimi ni mkubwa wake. Tangu hapo nimeifungua mara tatu, na mara zote tatu nimeirudisha kwenye mstari ule ule, kwa uangalifu mkubwa.

Niliona aibu. Hapakuwa na mtu pale benchini, na bado uso uliniwaka.

Nilivitenganisha vipande, nikavizungusha, nikajaribu hadi masikio yakalala upande mmoja, meno mawili kutoka kwenye alama yangu, nikafunga. Kazi ya dakika ishirini. Nilimwita mjomba akae upande wa abiria na kumpakatisha trei moja iliyosalimika. Sitini. Sabini. Themanini. Maji kwenye chupa yalilala. Mjomba alitazama mayai, akatazama chupa, akaanza kucheka peke yake.

"Lo! Ilikuwa nini?"

Sisi mafundi tuna jibu la kila mteja: krosi, mzee, krosi ilikuwa imelika. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilimeza.

"Ni mimi," nilisema. "Nilikosea alama. Dogo hakuangusha kitu."

Mjomba aliacha kucheka.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Lakini unaniambia mimi wa nini? Mimi nilishawahi kumfukuza mtu? Endesha."

Niliendesha. Tulivuka mji mzima na mayai yake mapajani. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya banda, amezamisha mpira wa tairi kwenye karai la maji akitafuta mapovu. Alisikia gari kabla hajaliona. Aliinua kichwa, akalisikiliza likija, likipunguza mwendo, likisimama. Amekonda. Nilishuka, nikasimama mbele yake bila kujua mikono niiweke wapi.

"Meno mawili?" aliniuliza.

Nilikuwa bado sijasema hata neno moja.

"Mawili," nilijibu. "Ulijua."

"Nilitaka kukuambia."

"Nisamehe," nilisema. Neno lilitoka kavu, la mtu asiyelizoea. "Nilikuita mwongo mbele ya watu. Nitasema ukweli mbele ya watu hao hao, mpiga rangi akiwepo."

Alijifuta mikono, akatazama chini ya pikapu. "Na ile alama mbovu, umeifuta?"

Sikuwa nimeifuta.

"Tindo na nyundo unazo?"

Nilimtolea nyuma ya kiti. Aliingia chini ya gari kwa mgongo, pale pale vumbini, bila ovaroli. Nilisikia akisugua kwa ubapa wa tindo, muda mrefu. Kisha nyundo, mara tatu. Alitoka, akanirudishia vifaa vyangu, mpini ukielekea kwangu kama nilivyomfundisha akiwa na miaka kumi na minne.

"Nimeweka mpya," alisema. "Sasa ukimwambia mtu afuate alama, ataifuata salama."

Akamwamkia mjomba, akachuchumaa, akaurudisha mpira wake majini. Nilibaki nimesimama, nikitazama mapovu pamoja naye.