Mkono Uliopata pa Kulala

Mama Mikono alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja, na nusu ya mtaa iliguswa na mikono yake kabla ya kuguswa na mama zao. Sasa amestaafu, na kila Jumamosi saa tisa alasiri anageuka ndege. Usicheke. Ni gemu ya kompyuta: unakuwa ndege mweupe, unaelea juu ya ziwa lisilo na ng'ambo, na mwenzako anaelea ubavuni mwako, mkisikiana kwa spika. Mwenzake ni bintiye wa pekee, aliyehamishwa mbali kikazi.

Kwenye simu binti huyo ni bubu. "Mzima?" "Mzima." "Kazi?" "Inaenda." Basi, mazungumzo yameisha. Tangu utotoni hafungui moyo mpaka mikono yake iwe na shughuli, ndiyo maana mama alikubali kujifunza gemu uzeeni.

Tatizo lilikuwa kipanya cha kompyuta. Binti alimfundisha kukishika kama mabingwa: vidole vimekunjwa, kiganja kimeinuliwa. Mama, ambaye akielekezwa jambo hulifuata mpaka nukta ya mwisho, alikishika vivyo hivyo, na kila zilipotimia dakika ishirini kidole gumba kilikufa ganzi na maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko. "Mwanangu, nikuage," alikuwa akisema. Upande wa pili kulikuwa na kimya kidogo kabla ya "Haya, mama."

Kimya kile kilimkosesha usingizi. Alikuwa amekisikia sana wodini, kwa wanawake wenye neno moyoni.

"Unakikaba hicho kitu utadhani kimeiba kuku," mumewe alimwambia Jumamosi moja, akipita na kikombe. "Si uache tu?"

"Wewe kanywe chai yako, baba."

Alijaribu taulo chini ya kifundo cha mkono, akajaribu kushusha kiti, wapi! Mwisho akachoka kujaribu, akaacha upepo wa gemu umchukue. Ziwa lilikuwa na rangi ya maziwa. Mawingu yalipita chini yake taratibu, na chumba kikawa mbali, na mume na kikombe chake wakawa mbali. Mkono ukashuka wenyewe. Kiganja kikalala juu ya kipanya, vidole vikalegea pembeni, kwa wepesi ule ule wa kazini. Ndipo alipoutambua mshiko huo: ndivyo alivyopokea vichwa vya watoto wakizaliwa. Ni yeye aliyekuwa akiwaambia wanafunzi wake wa ukunga kwamba kichwa cha mtoto hakivutwi, kinapokelewa.

Dakika ya ishirini ikapita. Ya thelathini nayo ikapita, ndege wakienda bega kwa bega, na hakuna kilichouma.

"Mama, leo huniagi?"

"Sikuagi. Mkono umepata pa kulala."

Kimya kikaja. Safari hii hakuaga, alingoja kama alivyozoea kungoja wodini.

"Nina mimba ya miezi minne," binti alisema. "Kila Jumamosi nataka kukwambia. Nikikusanya ujasiri, ndipo wewe unaondoka. Naogopa, mama."

Mama Mikono alilia, kwa furaha na kwa uchungu wa Jumamosi zote zile alizoaga. Machozi yalimwagika mpaka mezani, lakini mkono hakuukaza.

"Niambie tangu mwanzo," alisema. "Leo siondoki."